Kuondoa ukungu wa grauti kwenye tailizi mpya

Kazi yangu ni kusafisha nyumba zilizotoka kwenye ujenzi kabla wenyewe hawajahamia: Goba, Mbezi, Kigamboni, mara nyingine mpaka Kibaha. Nikifika, jambo la kwanza ninaloulizwa ni ule weupe uliotanda juu ya tailizi. Ukideki, sakafu inang'aa ikiwa bado mbichi; ikikauka tu, weupe umerudi palepale. Mama mwenye nyumba anaanza kuamini kauziwa tailizi mbovu, na fundi keshaondoka.

Tailizi hazina kosa. Ule ni ukungu wa grauti, yaani utando mweupe unaoachwa na saruji ya kujazia mistari iliyo kati ya tailizi, na unatoka. Lakini sakafu nyingi nilizokuta zimeharibika ziliharibiwa na dawa iliyoletwa kuutoa ukungu, kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujatuma mtu dukani.

Grauti ya kawaida ni saruji iliyochanganywa na unga laini wa mawe au mchanga, rangi, na kwa hizi za kisasa, polima za kuifanya ishike na isipasuke. Fundi anapoisukuma kwenye mistari kwa kibao chake cha raba, nyingine inabaki juu ya tailizi. Akipitisha sponji, ile iliyobaki inageuka tui jembamba linalotandaa sakafu nzima. Maji yanakauka, saruji inabaki. Siku zinavyokwenda inazidi kukomaa, kwa sababu chokaa iliyomo ndani yake inakutana na hewa ya ukaa na kugeuka kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kinachojenga makombe ya pwani. Maji hayakiyeyushi, wala sabuni haikiyeyushi. Ndiyo maana unadeki wiki nzima na weupe uko vilevile. Asidi inakiyeyusha.

Sasa fikiria mistari iliyo kati ya tailizi. Nayo imejazwa saruji hiyohiyo. Chochote kinachoyeyusha ukungu kinayeyusha na grauti. Kazi yote ninayokueleza hapa imejengwa juu ya jambo hilo moja: unatafuta dawa ndogo kabisa inayotosha kuondoa utando wa juu, na unaifuta kabla haijapata muda wa kuzama kwenye mistari.

Jua kwanza una nini sakafuni

Chagua tailizi moja ya pembeni, nyuma ya mlango au mahali kabati litakapokaa. Ilowanishe kwa maji safi. Weupe ukipotea ikiwa mbichi na kurudi ikikauka, karibu hakika ni utando uliokaa juu ya uso. Kama tailizi zako ni za seramiki au porselini, dondosha matone ya siki mahali hapo na uinamishe sikio na jicho. Ukiona vipovu vidogo, hiyo ni saruji.

Kama hakuna vipovu, na ukipitisha kidole panateleza na kuacha mchirizi, huenda ni nta. Baadhi ya tailizi za porselini zilizosuguliwa mpaka zikang'aa hutoka kiwandani zimepakwa nta ya kuzilinda na mikwaruzo njiani. Siki haiigusi nta. Hiyo inatolewa kwa maji ya moto na sabuni yenye nguvu ya kukata mafuta, kwa kusugua na kufuta mara kwa mara, na ikishatoka usishangae kukuta ukungu wa saruji umejificha chini yake.

Kuna na weupe mwingine unaochanganya watu: unga unaojitokeza kwenye mistari yenyewe na kingo zake, unaufuta leo, baada ya siku chache umetoka tena. Hiyo ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka kwenye zege au udongo wa chini. Ukungu wa grauti ukiutoa, umetoka. Hauna mahali pa kutokea tena. Chumvi itaendelea kuja mpaka unyevu upate dawa, na kuimwagia asidi kila wiki ni kuichimba grauti bure.

Baada ya kujua ukungu, jua tailizi. Tailizi nyingi tunazotandika, zikiwemo za viwanda vya hapa kwetu Mkuranga na Chalinze, ni za udongo uliochomwa, nazo zinavumilia asidi hafifu. Marumaru ya jiwe halisi haivumilii. Jiwe la chokaa halivumilii. Terazo, ile ya ngazi na korido za majengo ya zamani ya Kariakoo na Upanga, mara nyingi ni vipande vya marumaru ndani ya saruji: yote mawili yanaliwa. Tailizi za saruji zenye maua, zile za nyumba za zamani, nazo hivyohivyo. Hata siki ya jikoni ikikaa juu ya marumaru inaondoa mng'ao na kuacha doa lililofifia ambalo halifutiki. Dawa yake ni kuita mtu wa mashine aje kusugua jiwe upya.

Kama hujui ulichonacho, tafuta kipande kilichobaki wakati wa kukata, kivunje, na udondoshe siki kwenye upande uliovunjika. Kikitoa vipovu, asidi ya aina yoyote isiingie humo ndani. Angalia usidondoshe nyuma ya kipande mahali palipopakwa gundi, maana gundi ya tailizi nayo ni saruji na itakudanganya.

Kama grauti haijapakwa bado

Hapa ndipo ukungu unapozuilika, na ningependa kila mwenye nyumba asimame na fundi wake siku hiyo.

Apake eneo dogo kwa wakati, kama mita mbili au tatu za mraba, asijaze chumba kizima ndipo akumbuke kufuta. Joto la hapa Dar, hasa Januari na Februari, linakausha grauti upesi. Milango ikiwa wazi na upepo unapita, inawahi zaidi. Aanze asubuhi. Raba aishike wima na kuipitisha kwa mshazari, ikate pembe za mistari, ili ikusanye grauti ya juu badala ya kuichota ile iliyoingia. Raba ikipita vizuri, nusu ya kazi yangu imeisha.

Halafu asubiri grauti ishike, kwa kawaida dakika 15 mpaka 30. Ukiigusa kwa kidole, isikufuate. Ndipo aingize sponji, iliyokamuliwa mpaka haidondoshi tone. Sponji inayotiririka maji inaosha saruji na rangi kutoka kwenye mistari na kuzitandaza juu: mistari inabaki hafifu, yenye mabaka, na ukungu unaongezeka. Upande mmoja wa sponji upite mara moja tu, ageuze, kisha aisuuze. Ndoo ziwe mbili, moja ya kusuuzia na moja ya maji safi. Maji yakishakuwa meupe, yamwagwe, tena nje kwenye udongo. Usimruhusu kuyamwaga kwenye choo au bomba la bafuni. Saruji ile inatuama na kuganda ndani ya bomba, na hutajua mpaka siku maji yatakapogoma kwenda.

Baada ya saa mbili au tatu, utando ukiwa umekauka juu na mistari imekaza, pitisha kitambaa kikavu cha pamba. Mimi natumia khanga zilizochakaa, zimeshalainika na zinashika unga vizuri. Unazungusha mkono, unakung'uta, unageuza upande. Mafundi wa zamani hutumia unga wa mbao kwa kazi hiyohiyo: wanaunyunyiza, wanausugua kwa gunia, wanaufagia na ukungu wake. Inafaa sana, mradi unga utoke kwenye mbao safi. Wa mninga au mkongo ukikutana na unyevu unaweza kuacha rangi kwenye grauti nyeupe.

Tailizi zenye uso wa kukwaruza, zile za bafuni na barazani, zinashika ukungu kuliko zote kwa sababu kila kitundu ni mahali pa saruji kujificha. Porselini iliyosuguliwa nayo, ingawa inaonekana kama kioo, ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Grauti nyeusi juu ya porselini nyeupe ya namna hiyo inaacha kivuli kibaya. Kuna kimiminika cha kupaka juu ya tailizi kabla ya grauti ili isishike. Kwa mchanganyiko huo wa rangi, kinunue.

Ukungu ukiwa mchanga

Kama ni kesho yake au keshokutwa, usikimbilie asidi. Grauti haijakomaa na ukiipa asidi sasa utaifanya iwe laini na ya unga. Anza na kitambaa kikavu, kwa nguvu ya mkono. Kisha maji safi na pedi nyeupe ya nailoni au brashi ya nyuzi za plastiki, sehemu ndogo ndogo, ukifuta maji machafu mara moja kabla hayajakauka. Nimemaliza nyumba nzima kwa njia hii tu, ukungu ukiwa mwembamba.

Stiliwaya iache jikoni. Inakwaruza uso wa tailizi, na vipande vyake vidogo vinabaki kwenye mistari vikapata kutu. Wiki ijayo una vidoa vya kahawia ambavyo havikuwepo. Wembe wa kukwangulia utumie tu kwa bonge la grauti lililoganda, umeulaza, na juu ya tailizi iliyolowa.

Jambo moja kuhusu maji. Huku kwetu visima vingi vina maji ya chumvi, na maji hayo yakikauka yanaacha weupe wake. Utasugua ukungu, utasuuza, na utauona weupe tena ukadhani hujafanya kitu. Maji ya kisima tumia kuanzia kazi ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, na yafutwe kwa kitambaa, yasiachwe kukauka yenyewe.

Ukungu ukishakomaa

Soma mfuko wa grauti uone unahitaji muda gani kabla ya kuguswa na asidi. Usipoona maelezo, subiri siku 10. Mikoa ya baridi kama Njombe, au Arusha mwezi wa Julai, ongeza siku, kwa sababu saruji inakomaa polepole kwenye baridi.

Andaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, ndoo mbili, sponji, brashi ya plastiki, skwiza (raba yenye mpini ya kuvutia maji) na vitambaa vikavu vya kutosha. Fungua madirisha. Watoto watoke.

Dawa ya kwanza ni siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi asilimia 5 hivi. Kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vinne vya maji. Ukikosa siki, chukua ndimu ya unga inayouzwa na wauza viungo, vijiko vikubwa viwili kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Ndimu yenyewe inafanya kazi, lakini ina sukari na nyama zinazoacha kunata, na kwa chumba kizima utamaliza gunia.

Sasa fuata mpangilio huu bila kuruka. Mwaga maji safi kwenye eneo la mita moja ya mraba na uyaache dakika kadhaa mpaka mistari inywe ishibe. Futa yaliyotuama juu. Mistari iliyoshiba maji haina nafasi ya kunywa asidi, kwa hiyo dawa inabaki juu ya tailizi inakotakiwa. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayookoa grauti.

Paka dawa kwa sponji. Acha dakika tatu, isizidi tano, na isikauke. Sugua kwa brashi juu ya tailizi, ukipita kwenye mistari kwa wepesi. Vuta yale maji meupe kwa skwiza, yakusanye kwa kitambaa, suuza mara mbili kwa maji safi, kausha. Hapo hapo. Ukiacha yakauke, ulichokiyeyusha kinarudi kukaa. Kwa ndimu ya unga inakuwa mbaya zaidi, kwani chokaa iliyoungana nayo inageuka unga mweupe usioyeyuka vizuri kwenye maji. Kisha nenda mita inayofuata. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinaweza kukumaliza asubuhi nzima, na hivyo ndivyo ilivyo.

Jaribu kwanza kwenye ile tailizi ya pembeni, iache ikauke mpaka kesho, uitazame ikiwa kavu na uguse mistari kwa ukucha. Ikichubuka, grauti yako bado mbichi au ilikorogwa na maji mengi, simamisha kazi. Ikiwa ngumu na tailizi imetakata, endelea. Ukungu ukipungua bila kuisha, rudia dawa ileile mara ya pili. Ndipo ukipenda uongeze nguvu, kikombe kimoja kwa vikombe viwili.

Yakishindikana hayo, dukani kuna dawa maalumu za ukungu wa grauti, nyingi zikiwa na asidi ya sulfamiki au ya fosforiki. Fuata vipimo vya lebo. Ikiwa unachanganya mwenyewe, maji yatangulie ndooni na dawa ifuate. Ukigeuza, inaweza kuchemka na kukurukia usoni. Mistari inalowanishwa kwanza, vilevile. Baada ya dawa hizi napitisha maji yaliyotiwa magadi ya kuokea, vijiko viwili kwa lita, kuizima asidi iliyobaki, halafu maji matupu.

Tindikali

Fundi mmoja Goba aliniambia, "Dada, mwaga tindikali, dakika mbili weupe umeisha."

Nikamjibu, "Na mistari yako, kaka, nani atakuja kuijaza tena?"

Anachosema ni kweli kwamba weupe unaisha. Tindikali ya hidrokloriki inaondoa ukungu mbele ya macho yako. Inaondoa na ngozi ya juu ya grauti, rangi inatoka kwa mabaka, mistari inabaki na mashimo yanayoshika uchafu kila siku. Mvuke wake unapanda: bomba la kromu linapata madoa, fremu za alumini zinafifia, bawaba zinashika kutu, na mapafu ya anayesugua kwenye bafu lisilo na dirisha yanaumia. Wanaopewa kazi hiyo mara nyingi ni vijana wa kibarua, miguu mitupu. Hilo linaniuma kuliko sakafu. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi hiyohiyo ndani yake, kwa hiyo kumwaga chupa tatu za dawa ya choo sebuleni ni kumwaga tindikali kwa jina jingine.

Na kamwe, kwa dawa yoyote yenye asidi, hata siki, usichanganye na jiki. Inatoka hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Kama jana ulideki kwa jiki, suuza sakafu sana kwa maji kabla hujagusa siki.

Dawa za kuondoa kutu zisomwe lebo: ikiwa imeandikwa asidi ya hidrofloriki, rudisha rafuni. Hiyo inakula hata kioo, itakula uso wa tailizi usioguswa na asidi nyingine, na ikigusa ngozi inaumiza mpaka mfupani.

Mafuta ya taa ndani ya maji ya kudekia, desturi ya nyumba nyingi, yanaufanya ukungu usionekane siku mbili tatu kwa sababu yameacha mafuta juu yake. Grauti inayanywa na kuwa nyeusi, na siku utakapotaka kuusafisha ukungu kweli, asidi hafifu haitaupata mpaka mafuta yatoke kwanza.

Grauti isiyo ya saruji

Kama fundi alitumia grauti ya epoksi, ile ya vikopo viwili vinavyochanganywa, karibu yote niliyosema juu ya asidi hayakuhusu. Ukungu wake ni plastiki. Ndani ya saa 24 za kwanza unaweza kutoka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na pedi nyeupe. Baada ya hapo inahitajika dawa ya epoksi ya kampuni iliyotengeneza grauti, na kila saa inayopita inaongeza ugumu. Piga simu siku hiyohiyo. Kwa marumaru na terazo, tumia kitambaa kikavu, maji, sabuni isiyo na asidi wala chembe za kukwaruza, na subira. Ukungu ukikataa, mwite mtu wa kusugua mawe.

Kuhusu malipo: kabla fundi hajapewa fungu lake la mwisho, subiri sakafu ikauke kabisa, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze chini kabisa, mwanga upite sambamba na tailizi. Ukungu wote utajionyesha, pamoja na mistari iliyochimbika na ile isiyojaa. Mwoneshe mwenyewe hapohapo, mkiwa wote wawili mmechuchumaa. Utando wa jana anautoa kwa khanga kavu na maji kabla ya saa sita mchana.